Tumtayarishie Mtoto Mchanga Boma Letu la Mteremkoni

(Haya ni mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya sehemu za milimani. Tumeyachapa ili vikundi ambavyo havikuwepo viyasome na kuyajadili pamoja. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.)



Mtoto anapokaribia kuzaliwa, sisi hutayarisha mambo mengi. Tunanunua nguo ndogo, tunasaga unga wa uji, tunaweka akiba ya kwenda hospitali. Hayo ni mazuri. Lakini kuna kitu kimoja tunakisahau, nacho ni boma lenyewe.

Sisi watu wa milimani, iwe ni Murang'a au Meru, Kisii au Taita, boma letu si uwanja wa mpira. Nyumba ya kulala iko juu. Jikoni ni chini kidogo, mahali palipochongwa pakawa tambarare. Choo kiko chini zaidi. Kamba ya nguo iko upande mwingine, na maji yako bondeni kabisa. Kwa hiyo nyumba zetu ni za ghorofa bila sisi kujua. Tofauti ni kwamba ghorofa zetu zimelala juu ya mlima, na ngazi zake ni za udongo.

Mtu mzima mwenye afya hazihisi ngazi hizo. Mama aliyejifungua juzi anazihisi zote. Basi neno letu la leo ni hili: kwa wiki sita za kwanza, ngazi za boma zipandwe na wasaidizi wakibeba vitu. Mama na mtoto wakae mahali pamoja, na vitu viwafuate wao.

Tuhesabu ngazi zetu

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kutoka nyumba ya kulala mpaka jikoni kuna ngazi 15, na mama huenda huko mara 8 kwa siku. Kwenda na kurudi, hizo ni ngazi 240. Chooni kuna ngazi 20, na huenda mara 5. Hizo ni 200. Penye kamba ya nguo kuna ngazi 10, na huenda mara 4 kwa sababu nepi hazina mwisho. Hizo ni 80. Ukijumlisha unapata ngazi 520 kwa siku moja, na bado hatujateka maji wala kukata majani ya ng'ombe.

Ngazi 520 ni 260 za kupanda na 260 za kushuka. Nyumba ya ghorofa ya kawaida ina ngazi kama 16 au 18 kutoka sakafu moja mpaka nyingine. Kwa hiyo mama huyu anapanda jumba la ghorofa 15 na kushuka tena, kila siku, akiwa na mtoto mgongoni. Tungeambiwa binti yetu huko mjini anafanyiwa hivyo, tungekasirika. Hapa nyumbani tunaona ni kawaida.

Kila mtu akirudi nyumbani leo, ahesabu za kwake. Wazee pia wahesabu, tena wapande wenyewe wakiwa na mtungi wa maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hutajua uzito wake mpaka uubebe.

Mwili wa mama mzazi

Mama akishajifungua, ndani yake kuna kidonda pale ambapo kondo la nyuma lilikuwa limeshika. Macho hayakioni, lakini kipo, na kinahitaji wiki kadhaa kupona. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa zinazoua akina mama, hapa Kenya na ulimwenguni kote. Na yule aliyezaa kwa upasuaji ana kidonda kingine tumboni. Huyo huambiwa na wauguzi asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtoto mchanga ana kilo 3 hivi. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20.

Tusielewane vibaya. Hatusemi mama alale kitandani kutwa kucha. Kutembea polepole uwanjani ni vizuri, kwa sababu damu inazunguka na haigandi miguuni. Hatari ni mizigo, mteremko, matope na uchovu vikikutana pamoja.

Mahali pengi tumesikia sauti ikisema: "Lakini mama zetu walizaa wakashika jembe siku ya tatu!" Ni kweli, wako waliofanya hivyo. Lakini tunawahesabu waliosimama. Waliobaki chini, nani anawahesabu? Tena si desturi ya zamani kumwacha mzazi peke yake. Pwani hata leo mama hukaa siku arobaini akikandwa na kulishwa. Bara nako akina mama walipeleka kuni, maji na uji kwa mzazi bila kuitwa. Tumeacha sisi wenyewe, kwa sababu ya haraka ya siku hizi. Basi turudi.

Kazi ya kwanza: Kusogeza vitu

Sheria yake ni rahisi. Kitu kinachotakiwa mara nyingi kikae karibu. Kinachotakiwa mara moja kwa siku kinaweza kukaa mbali.

Anza na chumba. Kama boma lina nyumba mbili, mama alale ile yenye ngazi chache za kufika jikoni na chooni, hata kama ndiyo sebule ya wageni au chumba cha mzee. Wageni watakaa kwenye benchi nje, na mzee hatapungukiwa na heshima kwa wiki sita. Mkiwa na nyumba ya ghorofa, kama zile zinazojengwa siku hizi hata vijijini, tandikeni kitanda chini. Chumba cha juu kitangoja.

Halafu wekeni vitu hivi katika chumba hicho au mlangoni pake:

- Thamosi mbili, moja ya uji na moja ya maji moto. Zijazwe asubuhi na jioni na mtu mwingine.
- Maji safi ya kunywa katika chombo chenye kifuniko. Mama anayenyonyesha huwa na kiu nyingi.
- Mkebe wa kunawia unaoning'inizwa kwa kamba, ule wengine wanaouita kibuyu chirizi, pamoja na sabuni. Kila anayetaka kumshika mtoto anawe kwanza, hata akiwa mwenyekiti wa kikundi.
- Ndoo yenye kifuniko ya kutumia usiku, ili mama asishuke chooni gizani. Asubuhi mtu mwingine aimwage chooni na kuiosha. Hii si aibu.
- Kamba ya nguo karibu na mlango, mahali penye jua. Nepi zikauke vizuri.
- Neti ya kuzuia mbu, hasa sehemu zenye malaria.

Mwishowe tayarisheni makapu mawili. Kila kapu liwe na nepi, nguo moja ya kubadilisha, leso safi na kitambaa cha kupangusia. Moja likae chumbani, jingine pale chini ambapo mama hukaa mchana. Mtoto akijichafua, mama hapandi mlima kutafuta nepi. Kapu la pili ni kitu kidogo, lakini linapunguza safari nyingi kwa siku.

Na mtoto asiachwe peke yake nyumba ya juu huku mama yuko chini jikoni, eti kwa sababu amelala. Akitapika au akifunikwa uso na blanketi, kilio hakitafika. Alipo mama ndipo alipo mtoto. Tena asiwekwe ukingoni mwa kitanda. Mkeka juu ya sakafu safi hauna mahali pa kuanguka.

Kazi ya pili: Ngazi zenyewe

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Watu wengi huteleza wakishuka. Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya mtoto kuja, vijana na wazee washike jembe na sururu, warekebishe njia.

Ngazi nzuri ina kimo cha sentimita 15 hivi, na pa kukanyagia pana sentimita 30, mguu wote uingie. Jambo kubwa ni kwamba zote ziwe sawa. Mguu hujifunza kimo cha ngazi mbili za kwanza, kisha huenda bila kuangalia. Ile moja iliyo ndefu kuliko zingine ndiyo itamwangusha mtu. Wekeni mawe ukingoni, au matairi ya zamani yaliyojazwa udongo na kushindiliwa. Juu mwageni changarawe. Chimbeni mtaro kando ili maji ya mvua yapite huko, yasifanye ngazi zenu kuwa mto.

Kisha pigeni nguzo na kufunga mti wa kushikilia, kimo cha sentimita 90, upande wa bonde. Mti huo utamfaa pia nyanya mwenye magoti mabovu na mgeni wa usiku.

Kuhusu kubeba mtoto, tukubaliane hivi: mtoto afungwe vizuri kwa leso, mkono mmoja ushike mti, na mkono mwingine usiwe na kitu. Mtoto na mzigo visipande pamoja. Zaidi sana, mtoto na sufuria ya uji moto visiwe mikononi mwa mtu mmoja. Champali zilizoisha soli zikae nyumbani wakati wa mvua.

Na mkumbuke, mtoto hakai mchanga siku zote. Baada ya miezi minne hivi anaanza kujigeuza, na kati ya miezi sita na kumi wengi hutambaa. Kabla ya hapo pawe na kijilango juu ya ngazi na kingine chini. Mkiweka fito, zisimame wima, maana zilizolala mtoto atazipanda. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, kichwa kisije kikapenya. Mapipa na ndoo za maji zifunikwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache sana.

Kazi ya tatu: Joto bila moshi

Milimani kuna baridi, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, na baridi humdhuru sana mtoto mchanga. Kwa kutafuta joto, wengine wanamlaza mzazi jikoni karibu na mafiga. Wengine wanaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Tunasema kwa nguvu zote: msifanye hivyo. Moshi wa kuni huharibu mapafu machanga. Jiko la makaa ni baya zaidi kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi. Watu hulala vizuri na asubuhi hawaamki. Kila majira ya baridi tunasikia habari za jamaa waliokufa hivyo.

Joto lililo bora ni la mwili wa mama. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili kwa blanketi. Njia hii ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, mji wa milimani nchini Colombia, ambako hospitali haikuwa na mashine za kutosha za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Leo inafundishwa dunia nzima, na haigharimu hata shilingi. Baba pia ana kifua. Mama akioga au akila, baba anaweza kumshika mtoto vivyo hivyo.

Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kitovu kisipakwe majivu, mate wala kinyesi cha ng'ombe. Kiwe kikavu na safi, na dawa iwe ile tu mliyopewa kliniki. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita.

Tukiwa bado na habari ya chumba, angalieni na ukuta wa udongo nyuma ya nyumba, pale mlipochonga mlima. Wakati wa mvua kubwa mama na mtoto wasilale upande huo. Mnamo Novemba 2019, maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi yaliua watu wengi usiku mmoja. Mkiona ufa mpya juu ya ukuta, au miti imeanza kuinama, hameni mara moja.

Binti zetu walio ghorofani mjini

Wengi wetu tuna watoto Nairobi, katika mitaa kama Pipeline na Kayole, wanakopanga vyumba ghorofa ya tano, ya sita hata ya nane. Mara nyingi hakuna lifti, na maji ya bomba yakipotea hutekwa chini kwa mitungi. Binti akikaribia kuzaa tunamtuma nyanya akamsaidie. Nyanya anapanda mara moja, magoti yanakataa, na sasa kuna watu wawili wasioweza kushuka.

Kabla ya safari, ulizeni: maji yatapandishwa na nani? Kama kuna chumba cha kupanga ghorofa ya chini, wanaweza kuhamia mapema? Vijana wa hapo wakilipwa kitu kidogo watapandisha mitungi. Kama haiwezekani, huenda ni afadhali binti aje nyumbani kwa muda, baada ya kushauriana na kliniki yake. Na dirisha au roshani isiyo na vyuma ifungwe vizuri, tena kiti au kitanda kisiwekwe chini ya dirisha.

Kikundi kifanye nini?

Haya yote mtu mmoja hayawezi. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, na kila jamii ina jina lake la kufanya kazi kwa zamu. Kikundi kinachoweza kuzungusha pesa kila mwezi kinaweza pia kuzungusha mitungi ya maji. Tunapendekeza hivi:

Mwezi wa nane wa mimba: Kikundi kifanye siku moja ya kazi katika boma hilo. Ngazi, mtaro, mti wa kushikilia na kamba ya nguo vikamilike siku hiyo.

Wakati huo huo: Mpange jinsi ya kumtoa mama bomani usiku. Gari au bodaboda inafika wapi? Kutoka nyumbani mpaka hapo, atabebwaje? Blanketi moja imara na miti miwili hufanya machela. Ijaribuni mchana mkiwa mmembeba kijana, muone ni kona gani inawashinda. Namba ya simu ya dereva iandikwe ukutani. Muulize pia kama mama amejiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024.

Wiki mbili za kwanza: Kila siku mwanakikundi mmoja alete maji na kuni, ajaze thamosi, afue nepi. Kikundi cha watu 14 kila mtu ana siku moja tu.

Wiki ya tatu mpaka ya sita: Mara tatu kwa wiki zinatosha kwa wengi. Aliyezaa kwa upasuaji, au aliyezaa mapacha, aendelee kusaidiwa kila siku.

Wanaokuja kumwona mtoto waje wachache wachache. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, atume zawadi yake.

Na akina baba? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa. Mfanyakazi asiogope kuziomba. Yule anayelima shamba lake ni mwajiri wa nafsi yake. Basi na ajipe ruhusa.

Dalili za hatari

Msaidizi wa zamu ndiye jicho la kikundi. Akiona lolote kati ya haya, asingoje asubuhi:

- Kwa mama: damu nyingi inayolowesha pedi au kitambaa kwa muda mfupi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua mbio au kifua kuingia ndani, mwili kuwa moto sana au baridi sana, kulegea, degedege, kitovu kutoa usaha, au viganja na nyayo kuwa manjano.

Hata kama hakuna dalili, mama na mtoto wapimwe siku ya pili au ya tatu, tena kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na tena wiki ya sita. Kama mlima ni mkali, mhudumu wa afya ya jamii aombwe aje kuwaona nyumbani. Kila kijiji kijue wake ni nani.

Ndugu zetu, mambo haya hayangoji mfadhili. Mawe tunayo, miti tunayo, mikono tunayo. Mlima hatuwezi kuuondoa, lakini tunaweza kuamua nani atakayeupanda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika boma lako, mama hupanda na kushuka ngazi ngapi kwa siku? Kila mmoja alete hesabu yake mkutano ujao.
2. Zamani katika jamii yetu, mama mzazi alisaidiwa na nani, na kwa muda gani? Kwa nini desturi hiyo ilipungua?
3. Ni mama gani katika kikundi au jirani anatarajia mtoto katika miezi mitatu ijayo? Tutafanya siku ya kazi kwake lini?
4. Usiku wa mvua, gari linafika wapi? Nani watabeba machela?
5. Akina baba wafanye kazi gani, na nani atawaambia?